Papa Académique na Doctorat Yake

Mutu yenye anajua kusema hapana vizuri kama Papa Académique, mimi sijamuona tena mu Kisangani yote, toka Lubunga mpaka Mangobo. Batu bengine banakukatalia na makelele, bengine banakuambia "tutaona" halafu banakukimbia. Yeye alikuwaka anatosha kwanza lunettes, anazipanguza na ncha ya shati, anazirudisha ku macho, anakuangalia muzuri kama mama anachagua samaki ku soko, njo anasema: "Hapana, pasta." Polepole. Na wewe unatoka mu bureau yake unamushukuru. Umefika mbali, karibu na kisima, njo unakumbuka kama amekukatalia.

Jina yake ninaijua, lakini hakuna mutu alikuwaka anaiita. Alikuwa secrétaire académique ya faculté yetu ya théologie, pale bapasta banakuja kuongeza masomo, maîtrise na doctorat ya kazi ya Mungu. Donc règlement, sheria yote ya masomo, ilikuwa mu mukono yake: nani anaingia, nani anakosaka masomo, nani amechelewa kuleta kazi, nani anarudia mwaka. Doyen alikuwa mukubwa kumupita, lakini doyen tulikuwa tunacheka naye tu. Papa Académique, hata mbuzi ya jirani ilikuwa inapita mbali na mulango yake. "Mungu anasamehe," alikuwaka anasema, "mimi niko académique."

Na yeye mwenyewe kitu moja tu alikuwa anatafuta mu hii dunia, na sisi wote tulijua: doctorat yake. Alikuwa ameianza. Mufanyakazi mu bureau asubui, mwanafunzi mangaribi, mu faculté ileile, chini ya règlement ileile. Hiyo doctorat njo ninataka kuwaambia habari yake. Lakini nisikimbie, muniache nipite njia yangu.

Mimi nilifika pale juu ya bwana yangu. Alikuwa pasta ku barabara ya Bafwasende, mu pori, kanisa ya majani. Akakubaliwa kufanya maîtrise, na mimi nikasema, bon, enda, nitakungoja hapa na kuku zangu. Kumbe hapana. Règlement ilisema pasta yenye ameoa anakuja na bibi yake na batoto, anapewa nyumba pale ndani, na bibi naye anaingia masomo ya bamama: kushona, kupika, kusoma kidogo. Papa Académique alimurudisha bwana yangu kutoka mulango ya bureau. Akamuambia, "Pasta, sijaona famille yako. Ukisoma peke yako, utarudi na diplôme, utakuta mugeni mu nyumba." Bwana yangu akapanda camion, akarudi kunichukua. Alikuja amekasirika, matope mpaka ku masikio. Mimi nilicheka. Nilicheka sana, juu moyoni nilikuwa ninataka kwenda na sikuwa ninajua namna ya kusema.

Kila mwanzo ya mwaka alikuwa na desturi yake, na hiyo sijaiona fasi ingine. Alikuwa anaita batu yote mu chapelle: bapasta, bamama, batoto, mwenye kukata majani, wote. Halafu anasoma règlement, kila article, na sauti. Kwanza kwa français, halafu anaisema kwa Kiswahili, na kama anaona uso imefunga, anaongeza Lingala. Maprofesa fulani habakupenda. Banasema, mambo ya maîtrise inawahusu nini bamama ya kuchuna pondu, majani ya muhogo? Yeye anajibu kama sheria yenye bibi hajasikia inakufa njiani, haifike nyumbani.

Na alikuwa na haki, juu kuanzia ile siku sisi tukawa polisi. Tulijua délai, siku ya mwisho ya kuleta mémoire, ile kazi ya kuandika. Tulijua mutu hawezi kupita miaka yenye imeandikwa. Tulijua mutu akipata shida, ugonjwa ao kilio, anaweza kuomba suspension, ni kusema masomo inasimama na miaka haihesabiwe, lakini aombe mbele, académique atie signature. Ile yote mu kichwa yetu! Mimi nilikuwa ninatia lituma ya ndizi ku meza, ninamuuliza bwana, "Chapitre ya pili iko wapi?" Ananiambia, nimekamata mawazo. Ninamuambia, mawazo haifungwe na kamba, leta karatasi. Jirani yangu yeye alikuwa anaficha supu mpaka bwana yake aonyeshe page. Bapasta bakaenda kulalamika kwa Papa Académique kama bamama banawasumbua. Akatosha lunettes, akazipanguza, akasema, "Hiyo haiko mu règlement. Siwezi kuikataza."

Sasa niwape ya Béatrice, juu nikiacha hiyo, mutasema nimezeeka.

Béatrice alikuwa bibi ya pasta moja munene, sauti kama ngoma. Siku ya défense ya bwana yake ikafika, ile siku mutu anasimama mbele ya jury kutetea kazi yake. Salle imejaa batu. Bakwe bametoka mpaka Yangambi, makemba, ndizi ya kupika, na makayabu, samaki ya chumvi, inangoja nje. Kwetu, mutu anaanza na kusoma mashukuru yake yenye ameandika mbele ya kazi. Pasta akasimama. Akashukuru Mungu, akashukuru maprofesa, akafika kwa famille, akaongeza sauti: "Na zaidi bibi yangu mupenzi Jeanne, yenye alivumilia baridi ya usiku wakati mimi niliandika."

Jeanne.

Mimi nilikuwa karibu na Béatrice. Niliona shingo yake inageuka polepole. Hakulia, hakupiga makelele. Akasimama tu mu kikwembe yake mupya ya kitenge, akauliza, mbele ya jury na toge yao: "Baba Samuel, Jeanne ni nani?"

Pasta akaanza kutoka jasho. Watu bote banafikiri, aa, iko na bibi ya pili. Bamama ya nyuma bameanza kushuka na sandale mu mukono. Kumbe masikini, hakuwa na Jeanne! Alikuwa amekopi kazi ya mwingine, ya muji ingine kule mbali kwenye baridi, page kwa page, akasahau kubadilisha jina ya bibi. Sasa alikuwa kati ya mambo mbili: akubali Jeanne ao akubali kukopi. Akaangalia jury, akaangalia bamama. Akachagua jury. "Mama Samuel," akasema, "Jeanne haiko yangu. Hata kazi haiko yangu."

Mimi ninacheka leo, lakini ile siku sikucheka, juu niliangalia Papa Académique. Alifunga ile kazi na mukono mbili kama vile unafunga macho ya maiti. Akasema défense imesimama. Halafu hakuenda kwa pasta. Akaenda kwa Béatrice, akamuambia, "Mama Pasta, nikusindikize nyumbani," akamusindikiza katikati ya watu, kama bibi ya chef. Kukopi, règlement inafukuza mwaka muzima, halafu mutu anaanza upya. Akamufukuza. Maprofesa bakaomba, kanisa ya kwao ikatuma mutu kuomba. Hapana, pasta.

Lakini ule mwaka wote, mangaribi, tulimuona anapita na mukungu ya makemba ku bega, muzee muzima, anaenda Mangobo kule ile famille ilihamia. Nikamuuliza siku moja, nikitaka kumuchokoza kidogo, Papa, wewe njo unafukuza na wewe njo unalisha? Akanijibu: "Règlement imefukuza pasta. Haikufukuza njaa ya batoto." Na ule pasta alirudi, akaanza upya, akamaliza. Mashukuru yake ya pili ilikuwa page mbili, Béatrice peke yake.

Vile njo alikuwa. Ukisema ni mutu mugumu, unaona makemba. Ukisema ni mutu mwepesi, jaribu kuleta kazi siku yenye délai imepita. Alikataza watu kukula mu bibliothèque, lakini mu mufuko ya koti yake mikate ya kukaanga ilikuwa haikose, moto-moto, na mémoire za bapasta zilikuwa zinarudi kwao na alama ya mafuta. Bwana yangu anaichunga ya kwake mpaka leo. Anaonyesha bageni: hii ni kidole ya Papa Académique. Ku toleka, baiskeli ya kubeba batu, alikuwa anakaa upande moja kama mama mwenye mimba, sacoche ku magoti, na anamufundisha mwenye baiskeli njia, yule mutu anayeendesha ile njia kila siku.

Na kuhubiri, batu yangu, hakujua. Mutu yenye anapima mahubiri ya banafunzi wote! Siku moja kanisa ikamukamata, ikamusimamisha ku chaire kwa nguvu. Akasoma verset. Akaifasiri. Akakohoa. Akaisoma tena. Akaangalia saa. Halafu akasema, na uso ya bureau kabisa, "Uyu mwanafunzi anarudia," akashuka. Kanisa ilikufa na kicheko. Bibi yake, ku banc ya mbele, alikuwa anajipangusa machozi na kitambaa, na yeye alipita akamuangalia bibi yake anacheka, na ile uso yake ilifunguka. Mimi niliiona. Ile uso bapasta habakuionaka mu bureau.

Ule bibi njo habari.

Aligonjwa. Ugonjwa murefu, ya kulala. Papa Académique alikuwa anatoka bureau, anaenda kumuosha, anamupikia bouillie, anamubeba nje akaote jua. Hakukubali tumusaidie kila kitu. Alikuwa anatuachia kufua tu. Na doctorat yake ikalala. Tulikuwa tunapita mangaribi, ile taa yenye ilikuwa inawaka ku meza yake tunaona sasa inawaka ku kitanda.

Bon. Sisi bamama tulijua règlement, yeye mwenyewe njo alitufundisha. Mutu iko na mugonjwa, anaomba suspension, académique anatia signature, miaka inasimama. Ule mwaka nilimuona anatia signature kwa pasta wa Isangi mwenye baba yake alikufa. Nilikuwa nimeleta maji mu bureau. Nikangoja ule pasta atoke, nikasema, "Papa, na ya kwako?"

Akatosha lunettes.

"Ya kwangu nani atatia?" akauliza.

Nikamuambia, si wewe? Kalamu iko pale.

"Mama Pasta, mukono moja haiwezi kuomba na kupokea maombi."

Nikamuambia aende kwa doyen. Akasema article haitaji doyen, inataja académique. Nikamuambia ni karatasi tu, Papa, miaka yako inakimbia, utakosa. Nilikuwa nimekasirika, nilisahau heshima kidogo. Akarudisha lunettes ku macho, akaniangalia muzuri, na mimi nilijua ile hapana mbele aiseme. Alikuwa ametia signature kwa batu ya kila barabara, na yeye alibaki njiani juu hakuwa na mutu wa kumuendea. Batu bengine banaita hiyo kiburi. Bwana yangu anaiita hivyo. Mimi sijui. Mimi ninaona ni mutu yenye alishika mulango kwa bengine mpaka akasahau kama na yeye anaweza kupita.

Bibi yake akakufa. Tulilala kilio pale, tukaimba mpaka sauti ikakauka. Mwanzo ya mwaka ikafika, tukaitwa mu chapelle kama desturi. Akasoma articles, français, Kiswahili, Lingala kwa bamama bapya. Mwisho ilikuwa fasi ya kutaja bale miaka yao imeisha, banatoka mu programme. Akataja moja ya maîtrise. Halafu akasema, sauti ileile, haikupanda haikushuka, "Ya doctorat," na akataja jina yake.

Kwanza hatukuelewa, juu ile jina hatukuizoea. Niliona doyen anasimama, anataka kusema kitu. Papa Académique akamuonyesha kiti na mukono, akae. Akasema tuombe. Tukainamisha vichwa. Mutoto wangu mudogo njo aliuliza, kwa sauti, "Mama, amemufukuza nani?" Nikamuziba kinywa.

Kesho yake alikuwa mu bureau, saa ileile, mikate mu mufuko.

Sisi tulitoka pale. Bwana yangu alimaliza, tukapewa kanisa hapa Mangobo, batoto bakaoa, mimi nikakuwa koko ya bajukuu. Yeye alienda retraite. Niliambiwa iko kwa ndugu yake mukubwa, hapana, iko Bafwasende, hapana, amerudi. Na mimi nimebaki na hamu yake, batu yangu, hamu kama ya chumvi. Leo mujukuu wangu anasoma pale, na règlement bameitia mu téléphone. Nikamuuliza, nani anaisomea bamama? Ananiambia, "Koko, kila mutu anajisomea." Lakini téléphone ni ya bwana, na bibi iko nyumbani anauliza chapitre ya pili wapi, bwana anamuambia mambo ya wasomi. Nani atamuambia kama ni uongo? Ile sauti inakosekana. Wakati mwingine ninachuna pondu, ninasikia "article ya kwanza", ninainua kichwa. Ni kuku.

Sasa kipwa iliyopita, majira ya jua, nilikuwa Makiso kutafuta dawa ya magoti. Nikapita mbele ya faculté, ilikuwa siku ya inscriptions. Vijana bamejaa ku kivuli ya ukuta na dossiers yao, na katikati yao, ku musitari, koti. Ile koti. Mutu amekonda ndani yake, lakini amesimama wima.

Nilimushika na mukono mbili. Akaniangalia, akaangalia, akasema, "Mama Pasta. Chapitre ya pili iliisha?" Nikamuambia iliisha Papa, na batoto yake ilizaa. Nikamuuliza ni nani amemutuma kuandikisha, mujukuu? Akasema hakuna mujukuu, anajiandikisha yeye. Mutu yenye miaka yake iliisha anaweza kuanza tena kutoka zéro, kama mugeni. Ni article. Ya doctorat.

Nilitaka kulia, nikacheka, juu mimi niko vile. Nikamuambia, Papa, wewe umesimama na bijana jua hii? Kweli académique wa leo, kijana yenye Papa mwenyewe alimufundisha, alitoka mbio, akainama, akamuambia, "Papa, ingia ndani, dossier yako nitaimaliza mimi. Hata masomo ya zamani nitaihesabu." Bijana bakafungua njia.

Papa Académique akatosha lunettes, akazipanguza. Mimi nikasema moyoni, basi, Yesu wangu, ile hapana imekuja.

Lakini hakusema hapana. Aliangalia ule musitari murefu mbele yake, akaangalia jua, na akaniangalia mimi kama mutu anaomba shauri, yeye! Nikamuambia polepole, "Papa, leo uko unaomba. Kupokea ni kazi ya huyu."

Akarudisha lunettes ku macho. Kisha akamupa kijana mukono, akamufuata ndani. Masomo ya zamani alikataa, ataisoma yote upya. Kiti mu kivuli alikubali. Vile alitoka alikuwa na reçu, karatasi ya kujiandikisha, anaishika mbali na macho, anaisoma na anatabasamu kama mutoto ya première, darasa ya kwanza.

Hiyo ni mwaka jana. Mujukuu wangu ananiambia anakaa mbele darasani, anachelewa juu ya magoti, na anajiandikia mwenyewe absent. Défense iko mbali bado. Mimi ninauliza kila dimanche, tukitoka kanisa. Mungu atuchunge wote wawili, juu sijui nani atangoja mwenzake.

Ile siku, vile alikuwa anapanda toleka, upande moja, sacoche ku magoti, nilimuambia nitakuja kwa défense yake. Nitatandika bikwembe yangu yote chini apite juu yake, na nitamumwangia poudre, ile unga nyeupe ya kujipaka, ku kichwa, kama tunafanyaka kwa bijana wakishinda masomo.

Akacheka. Akashika kichwa yake.

"Mama Pasta, poudre ku kichwa nyeupe hivi, nani ataiona?"

"Mimi nitaiona," nikamuambia.